Hadubini, DNA au RNA: uchague ipi kusoma kuvu wa mizizi ukiwa Nairobi

Kila mwaka kuna mwanafunzi wa masta, iwe kampasi ya Chiromo, Kabete, Juja au KU (Chuo Kikuu cha Kenyatta), ambaye ameshaelewana na supavaiza kwamba atafanya maikoraiza, yaani ushirikiano wa kuvu na mizizi ya mimea, mmea ameshachagua, shamba ameshapata, halafu anakwama palepale kwenye swali la atapima vipi. Mmoja anamwambia apake mizizi rangi aangalie kwa hadubini, mwingine anamwambia hiyo ni ya wazee siku hizi watu wanasoma DNA, wa tatu anamwambia bila RNA, zile nakala za jeni zinazofanya kazi, hakuna jarida litakalomchapisha. Kila mmoja wao ana ukweli wake na kila mmoja anaweza kukupoteza, kwa sababu hizo njia tatu hazijibu swali moja. Hii nimemwandikia yule ambaye pesa zake zinatosha njia moja, labda moja na kidogo, na proposo inadaiwa.

Kwa wanaoingia sasa hivi: naongelea hasa maikoraiza ya abaskula, kuvu wa kundi la Glomeromycotina wanaoingia mpaka ndani ya seli za mzizi na kuota humo vimti vidogo vyenye matawi mengi, ndiyo abaskula zenyewe, na hapo ndipo biashara inafanyika, kuvu analeta fosforasi na zinki na nitrojeni kiasi, mmea unatoa sukari na mafuta. Mahindi, mtama, maharagwe, vitunguu, nyanya, kahawa, chai, wote wanayo. Ni ushirikiano wa kale mno, kule Rhynie, Scotland, kuna mimea iliyogeuka mawe karibu miaka milioni 407 iliyopita na ndani yake bado unaweza kuona abaskula. Na kwetu si jambo la vitabuni tu. Udongo mwekundu wa Kabete mpaka magharibi una chuma na aluminiamu zinazoshika fosforasi, mkulima ananunua mbolea ya DAP kwa pesa ya jasho na sehemu kubwa inafungwa humo humo kwenye udongo, sasa anayeelewa jinsi kuvu anavyoifikia fosforasi hiyo anashika kitu kinachogusa chakula cha watu.

Jambo moja kabla ya vigezo vyenyewe. Hakikisha mmea wako unashirikiana na hawa kuvu kweli. Sukuma wiki, kabeji na jamii yao nzima walishapoteza jeni za ushirikiano huu, hata Arabidopsis, ule mmea ambao wanamolekuli wa dunia nzima waliuzoea, uko kwenye jamii hiyo hiyo na ndiyo maana utafiti huu ulibidi uhamie mimea mingine. Terere nayo kwa kawaida haina, au ina kidogo sana, na makadamia iko kwenye jamii inayojitegemea kwa mizizi ya vishada. Kwa hivyo ukimwona mtu anaandika proposo ya kuongeza maikoraiza kwenye sukuma, mwambie mapema. Ila sukuma hiyo hiyo ni msaada mkubwa kama mmea wa kulinganishia, ipande kando ya mahindi yako, kama "umeona" abaskula kwenye sukuma basi kuna shida kwenye rangi au kwenye macho.

Vigezo nitakavyotumia

Nitaangalia kila njia kwa vitu vinne: inajibu swali gani, inataka nini (sampuli, vifaa, pesa, muda wa kujifunza), inaweza kukudanganya wapi bila wewe kujua, na inamfaa nani. Binafsi nakipa uzito kile cha tatu, kwa sababu pesa unaweza kutafuta na ujuzi unaweza kufundishwa, lakini data iliyokudanganya unaigundua siku ya kutetea tasnifu.

1. HADUBINI NA RANGI

Inajibu nini

Kuvu ameingia kwenye mzizi au hajaingia, na ameingia kwa kiasi gani. Hilo tu, lakini ni swali zito kuliko watu wanavyodhani. Ukipaka rangi unaona nyuzi zikipita katikati ya seli, unaona vesikula, vile vifuko vya akiba ya mafuta, na unaona abaskula zenyewe, na abaskula ndiyo ushahidi kwamba ushirikiano uko hapo, sio kuvu mpita njia aliyegusa mzizi.

Inataka nini

Hadubini ya kawaida, potasiamu hidroksaidi (KOH), siki nyeupe ya supamaketi na wino mweusi wa kalamu. Njia ya wino na siki waliichapisha Vierheilig na wenzake 1998 na mpaka leo iko vizuri. Unaosha mizizi taratibu usiipoteze ile myembamba kwa sababu ndiyo yenye kuvu, unakata vipande vya sentimita moja, unavitia kwenye KOH ya asilimia 10 ndani ya maji moto ya nyuzi 90 hivi mpaka vipauke, unasuuza, unachemsha dakika 3 kwenye siki yenye wino wa asilimia 5, halafu unaviacha kwenye maji yenye matone machache ya siki ili rangi ya ziada itoke. Ukiweka kwenye slaidi na kubonyeza kidogo, seli zinabaki angavu na kuvu anasimama wazi na rangi yake. Vaa glavu na miwani, KOH inachoma. Jaribu wino wako kwanza kwa mizizi ya kitunguu, si kila wino unashika, na kitunguu kinakaliwa na hawa kuvu vizuri sana.

Muda wa KOH ndio wenye siri. Mizizi ya mahindi machanga inapauka kwa dakika chache, ya kahawa ya miaka mingi ni myeusi na inaweza kutaka muda mrefu na hidrojeni peroksaidi juu yake, na ukizidisha ile nyama ya nje ya mzizi inabanduka yote, na kuvu walikuwa humo. Unabaki na mshipa wa katikati mtupu na unaandika asilimia sifuri. Kuna pia trypan blue ya Phillips na Hayman ya 1970 ambayo labu nyingi bado zinaitumia, inapaka vizuri lakini inashukiwa kuleta saratani, na kama wino wako unashika sioni sababu ya kuishika.

Kuhesabu, wengi hufuata njia ya McGonigle na wenzake ya 1990, unapitisha mstari wa kwenye lenzi juu ya mizizi kwa ukuzaji wa mara 200 na kuandika unachokuta kila mstari unapokatana na mzizi, mara 100 au zaidi kwa kila sampuli. Pesa ni kidogo. Kinacholiwa ni macho na wiki zako. Ukiweza mwombe mwenzako ahesabu tena baadhi ya slaidi bila kujua zimetoka kwenye tiba gani (yenye mbolea au isiyo na mbolea, kwa mfano), hiyo peke yake inaipa kazi yako heshima.

Inakudanganya wapi

Haikuambii kuvu ni nani, ndani ya mzizi wengi wao wanafanana. Spora za kwenye udongo zinatofautika, ila zinataka mtu aliyezisoma miaka, na walioko kama spora kwenye udongo sio lazima ndio walioko mzizini, kuna aina ambazo hazitoi spora mara kwa mara. Rangi inashika hata nyuzi zilizokufa. Kuna kuvu wengine wa kahawia wenye nyuzi zilizogawanyika vyumba vyumba ambao wanajaa kwenye mizizi ya nyasi na ukiwa mgeni utawahesabu kama wako. Na lingine, asilimia kubwa ya mzizi uliokaliwa haimaanishi mmea unafaidi kwa kiasi hicho, usiandike hivyo bila kupima fosforasi ya kwenye majani.

Inamfaa nani

Anayepima kama tiba fulani (mbolea, mbegu, kulima bila kugeuza udongo) inaongeza au inapunguza ushirikiano. Anayefanya kazi mbali na labu kubwa. Na yeyote anayefanya njia nyingine mbili, hilo nitalirudia huko chini.

2. KUSOMA DNA YA KUVU WALIOMO

Inajibu nini

Ni nani walioko. Unatoa DNA kwenye mizizi au udongo, unazidisha kwa PCR (njia ya kunakili DNA mara nyingi) kipande kimoja cha jeni za ribosomu, unapeleka kusomwa, unalinganisha na databesi. Matokeo ni kama rejista ya darasa, inakuonyesha nani amehudhuria, haikuonyeshi nani anafanya kazi. Lakini kwa mtu ambaye swali lake ni jamii za kuvu, kwa mfano tofauti kati ya msitu wa Karura, shamba la chai Limuru na shamba la mahindi lililolimwa miaka ishirini, hakuna njia nyingine itakayompa picha hiyo.

Inataka nini

Upande wa sampuli ni rahisi kuliko watu wanavyoogopa. Mizizi iliyooshwa unaweza kuikausha kwa silika jeli hapo hapo shambani, ukapanda matatu ukarudi Nairobi na sampuli iko salama. Labu yenye PCR inatosha kwa kuanzia, halafu kusoma kwenyewe unalipia, wengine kupitia taasisi kama ILRI, ile ya utafiti wa mifugo, kule Kabete, wengine wanatuma nje.

Mahali pa kutumia akili ni prima, vile vipande vifupi vya DNA vinavyoionyesha PCR ianzie na iishie wapi, na hapa naomba usome polepole kwa sababu ndipo pesa za watu zinapopotelea. Tangu 2012 kipande cha ITS ndicho alama rasmi ya kuvu kwa jumla, kwa hivyo mtu akiambiwa "kuvu" anaagiza prima za ITS na kwenda zake. Kwa hawa wa abaskula hiyo ni shida, ITS yao inatofautiana hata ndani ya spora moja, na prima za kuvu wote zinakuletea kuvu wengine chungu nzima na wale unaowatafuta wachache mno. Wengi wa fani hii wanatumia kipande cha 18S, na prima ya AML2, iliyochapishwa na Lee na wenzake 2008, iko kwenye kazi nyingi sana. Ikiunganishwa na AML1 inatoa kipande cha karibu herufi 800 za DNA, ambacho hakifunikwi na mashine ya Illumina MiSeq inayosoma 300 kutoka kila upande, kwa hivyo watu wanaiunganisha na WANDA au NS31 na kupata kipande cha herufi mia tano na kitu, kinachotosha kwenye mashine hiyo. Ukiwa na Nanopore au PacBio zinazosoma vipande virefu, prima za Krüger na wenzake za 2009 zinachukua karibu herufi 1500 na zinakufikisha mpaka kwenye spishi. Databesi ya 18S ni MaarjAM ya Tartu, Estonia, iliyoanza 2010. Mweleze supavaiza haya yote kabla ya oda kutumwa, si baada.

Halafu kuna kompyuta. DADA2 na QIIME 2, programu za kuchambua DNA iliyosomwa, ni za bure, Galaxy inakupa seva ya bure kama laptopu yako imechoka, lakini kama hujawahi kutumia R, ile lugha ya kompyuta ya takwimu, jipe miezi, usijipe wiki mbili.

Inakudanganya wapi

Idadi ya sekwensi, yaani vipande vya DNA vilivyosomwa, si idadi ya kuvu. Spora moja ina viini vingi sana, mamia mpaka maelfu, PCR nayo inapendelea wengine kuliko wengine, kwa hivyo "asilimia 40 ya sekwensi" isome kama asilimia 40 ya sekwensi basi. Udongo unahifadhi DNA ya waliokufa, ndiyo maana kama swali lako ni ushirikiano toa DNA kwenye mizizi kwanza, udongo baadaye. Kiti nyingi za udongo (vile vifurushi vya kemikali vya kutolea DNA) zinatumia robo gramu, robo gramu hiyo inasimamia ekari nzima, kwa hivyo changanya sampuli ndogo ndogo nyingi kutoka kila ploti kabla ya kuchota. Na usiache sampuli tupu: moja isiyo na udongo tangu mwanzo wa kutoa DNA, nyingine ya maji kwenye PCR, zote zisomwe pamoja na zako. Bila hizo huwezi kumwambia mtu kama kuvu uliyempata alikuwa shambani au alikuwa kwenye kiti.

Inamfaa nani

Mwenye maeneo mengi ya kulinganisha, anayependa takwimu, na ambaye yuko tayari kusema "wapo" bila kurukia "wanafanya".

3. KUPIMA JENI ZINAZOFANYA KAZI (RNA)

Inajibu nini

Mmea na kuvu wanafanya nini wakati huu. Hapa ndipo mambo makubwa ya fani hii yamepatikana, na nitakaa kidogo kwa sababu ukichagua njia hii lazima ujue hadithi unayoingia.

Mmea ukikosa fosforasi unatoa kwenye udongo kemikali zinazoitwa strigolaktoni. Mwaka 2005 Akiyama na wenzake wa Japani walionyesha kwamba kemikali hizo zinafanya nyuzi za kuvu zitawanyike matawi karibu na mzizi, ndio mwito wenyewe. Lakini kemikali za kundi hilo zilikuwa zimejulikana tangu 1966 kwa jambo lingine kabisa, kuamsha mbegu za striga, gugu linalonyonya mizizi ya nafaka, ile kayongo ya Siaya na Homa Bay na Busia. Yaani mahindi yaliyo kwenye udongo maskini yanamwita msaidizi, na kwa sauti hiyo hiyo yanamwamsha mwizi aliyelala kwenye udongo miaka. Ndiyo maana ilikuwa habari kubwa 2017 ilipoonekana kwamba kuna mitama yenye badiliko kwenye jeni ya LGS1, inatoa strigolaktoni ya aina nyingine na striga haiamki sana. Kwa mtafiti wa Kenya sidhani kuna kona ya biolojia ya mimea yenye maana kuliko hiyo.

Kuvu naye anajibu. Mwaka 2011 zilielezwa molekuli zake zinazofanana na zile bakteria wa maharagwe wanazotumia, mmea unazipokea, kalsiamu inaanza kupanda na kushuka ndani ya kiini cha seli, protini za CCaMK na CYCLOPS zinasoma mdundo huo, kisha jeni kama RAM1 zinawashwa na seli inajiandaa kumpokea mgeni. Jamii ya maharagwe inatumia njia hiyo hiyo kwa bakteria wa nitrojeni, na mradi wa ENSA ulioongozwa na Giles Oldroyd alipokuwa Cambridge umekuwa ukijaribu kuitumia ili nafaka za wakulima wadogo Afrika zipate nitrojeni pia.

Ndani ya abaskula kuna PT4, mlango wa fosforasi, Maria Harrison na wenzake waliueleza 2002 kwenye Medicago, mmea wa utafiti wa jamii ya maharagwe, na 2007 ikaonekana kwamba PT4 isipofanya kazi abaskula zinakufa mapema, mmea haumvumilii kuvu asiyeleta kitu. Kwa upande wa malipo, jenomu ya Rhizophagus irregularis ilipochapishwa 2013 watu wakakuta kuvu huyu hana kile kimeng'enya kikubwa cha kujitengenezea mafuta, na 2017 makundi kadhaa yakaonyesha kwamba mafuta anayapata kutoka kwa mmea. Ndiyo sababu kwa kawaida humkuzi peke yake kwenye sahani ya agari kama kuvu wengine, lazima mzizi uwepo. Na 2021 ikaelezwa jinsi vidhibiti vya njaa ya fosforasi ndani ya mmea vinavyoziendesha jeni za ushirikiano moja kwa moja, kwa hivyo fosforasi ikiwa nyingi mlango unafungwa kutoka ndani.

Inataka nini

Inataka baridi. RNA inaharibika haraka, mzizi unatakiwa uingie kwenye nitrojeni ya maji au RNAlater (maji ya kuhifadhia RNA) ndani ya dakika chache baada ya kung'olewa, halafu friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Kabla hujaahidi kitu uliza maswali ya kawaida kabisa: friza ni ya nani, jenereta inaingia yenyewe stima ikipotea usiku, nitrojeni inajazwa siku gani. Kwa sababu hiyo namshauri mtu afanye jaribio la vyungu kwenye grinihausi karibu na labu kuliko kutoa RNA kwenye shamba la Kitale. Mizizi ya zamani ina kemikali zinazogandamana na RNA, jaribu njia ya kutoa RNA kwenye mizizi ya kutupa kwanza mpaka uizoee.

Kuna ngazi mbili. qPCR, ile PCR inayopima kiasi, ya jeni chache ulizozichagua ni nafuu na inafundishika, kwa mahindi kuna ZmPht1;6, kwa mpunga OsPT11, kwa Medicago MtPT4. RNA-seq inasoma zote, za mmea na za kuvu kwa pamoja, ila kila sampuli ina bei yake na uchambuzi ni mzito kuliko wa DNA. Ukifanya qPCR tumia jeni za kulinganishia zaidi ya moja na ufuate mwongozo wa MIQE wa kuripoti qPCR, wahakiki wanauliza.

Inakudanganya wapi

Kuna mahali kadhaa. Kubwa kuliko yote: PT4 ikipanda mara kumi, je kila abaskula inafanya kazi zaidi au abaskula ndizo zimeongezeka? RNA ya mzizi mzima haiwezi kukujibu hilo, ni hadubini itakayokujibu, kwa hivyo sehemu ya mzizi huo huo lazima ipakwe rangi. Abaskula inaishi siku chache tu, na jeni nyingi zinabadilika na saa ya siku, basi vuna zote saa moja ile ile. Kupima sampuli moja mara tatu kwenye mashine si marudio matatu, marudio ni mimea tofauti kwenye vyungu tofauti. Na maarifa mengi ya jeni hizi yametoka kwenye Medicago, Lotus na mpunga, ukifanya managu au kunde utabidi kwanza uthibitishe jeni uliyoikamata ndiyo ndugu halisi wa ile ya kwenye jarida.

Inamfaa nani

Mwenye swali la utaratibu, yaani kwa nini aina hii ya mtama inampokea kuvu na ile haimpokei. Mwenye labu inayofanya RNA tayari, sio inayopanga kuanza. Mwenye vyungu anavyovidhibiti.

Vibali, haraka haraka

Leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, unaihitaji njia yoyote utakayochukua. Ukisafirisha udongo, mizizi au hata DNA tupu nje ya nchi unaingia kwenye kanuni za rasilimali za kijenetiki za 2006 chini ya NEMA (mamlaka ya mazingira), na KEPHIS (wakaguzi wa afya ya mimea) kwa upande wa udongo na mimea. Kuvu wa kuletwa kutoka nje wanataka kibali cha KEPHIS. Ukitengeneza mizizi iliyobadilishwa jeni, hata ndani ya labu tu, ni Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama wa Kibayolojia. Anza maombi kabla ya mvua, nimeona mtu kapoteza msimu mzima wa mvua ndefu kwa karatasi moja.

Sasa wewe uko wapi?

Una mwaka mmoja, pesa yako mwenyewe na labu ya kufundishia: hadubini, na uifanye kwa kina, weka tiba zilizo wazi, pima fosforasi ya majani na uzito wa mmea. Kazi ya namna hiyo ikiwa safi inachapishika. Usitumie nusu ya pesa kwenye sampuli sita za DNA ambazo hazitoshi takwimu.

Una maeneo mengi, ufadhili kidogo, na mtu wa kukushika mkono kwenye R: DNA ya mizizi kwa 18S, pamoja na rangi kwenye sampuli zote. Ng'oa mzizi mara moja, ugawe, kipande kwenye ethanoli ya asilimia 50 kwa ajili ya rangi, kipande kwenye silika. Ethanoli hiyo haikuongezei gharama ya maana na inakuokoa siku mtu akiuliza kama kuvu walikuwa ndani ya mzizi.

Uko PhD, swali lako ni striga au fosforasi, na friza unaiamini: RNA, anza na qPCR ya jeni mbili tatu kwenye jaribio dogo, ukiona tofauti ndipo ulipie RNA-seq kwa sampuli zile zile ulizotunza. Ukiwa na mtama wa aina mbili, mmoja unaovumilia striga na mwingine hapana, hapo una tasnifu nzima.

Supavaiza anataka "molekula" kwenye kichwa cha kazi lakini swali lako halisi ni kama samadi inaongeza maikoraiza: zungumza naye mapema na kwa heshima, mpelekee jedwali la swali, njia na gharama, mwambie hadubini ndiyo itakayojibu na DNA ya sampuli chache zilizochaguliwa itaeleza nani ameongezeka. Wengi wanakubali wakiona umefikiria.

Na kama unafanya kazi na kikundi cha wakulima wanaouziwa kuvu wa pakiti na wanataka kujua kama wanafaa, usianze na DNA ya pakiti, DNA itakuonyesha hata waliokufa. Panda vitunguu au mtama kwenye mchanga uliochemshwa kwa mvuke, vyungu vingine vyenye pakiti, vingine vyenye pakiti hiyo hiyo iliyouawa kwa joto ili virutubisho viwe sawa, vingine bila kitu. Baada ya wiki sita mpaka nane ng'oa upake rangi. Kama hakuna abaskula, wakulima wana jibu lao na hawajamaliza pesa. Kama zipo, rudia kwenye udongo wao wenyewe usiochemshwa, ambako tayari kuna kuvu wa kienyeji, na hapo sasa DNA ina kazi, kuangalia kama mgeni wa pakiti ndiye aliyeko mzizini au ni wenyeji walewale.